Kanga wa Nyumbani: Kwa Nini Vifaranga Wake Hufa na Jinsi ya Kuwaokoa

Mvua za kwanza zinaponyesha wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, majani ya ngitili huchipua upesi na sauti za kanga husikika tangu alfajiri. Katika Lingeka na vijiji vingine vya wilaya hiyo, si jambo la ajabu kwa mtoto achungaye ng'ombe kukuta kiota cha ndege huyu chini ya kichaka, kikiwa na mayai kumi au zaidi. Mayai huchukuliwa nyumbani, huwekwa chini ya kuku anayeatamia, na baada ya majuma manne huanguliwa. Vifaranga wenye michirizi ya kahawia hutoka wakikimbia, na watu wa nyumbani hufurahi. Lakini furaha hiyo aghalabu haidumu. Asubuhi moja wawili hukutwa wamekufa, asubuhi ya pili watatu, na kabla ya mwezi kwisha hubaki mmoja au hakuna kabisa. Hapo wazee husema: kanga ni wa porini, hafugiki.

Kauli hiyo ina ukweli kidogo na kosa kubwa. Ni kweli kwamba kanga hajaacha tabia zake za porini kama alivyoziacha kuku. Si kweli kwamba hafugiki, maana katika nchi nyingi za Afrika Magharibi hufugwa na mamilioni ya watu. Makala haya yana madhumuni ya kueleza vifo hivyo kwa kanuni za fizikia, kemia na elimuviumbe zinazofundishwa katika shule za sekondari, na kuonyesha kwamba karibu kila kifo kina sababu inayoweza kuzuiwa.

Kanga ni ndege gani?

Kanga anayezungumzwa hapa ni yule mwenye pembe ya mfupa utosini, ambaye wanasayansi humwita Numida meleagris. Jina la aina yake lilitolewa na mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka 1758. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, hasa katika mbuga zenye nyasi na miti ya hapa na pale. Ana ndugu zake, kama kororo mwenye kishungi cha manyoya meusi kichwani, ambaye hupenda misitu na vichaka vizito. Lakini ni kanga mwenye pembe peke yake aliyepata kufugwa kwa wingi.

Jina lenyewe ni la kale. Wachewa humwita nkhanga na Washona humwita hanga, na wataalamu wa lugha huliona neno hili kuwa la asili katika lugha za Kibantu. Husemekana kwamba hata vazi la kanga lilipata jina lake kwa ndege huyu, kwa sababu ya madoadoa meupe yaliyotapakaa juu ya manyoya yake.

Kanga mzima huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.6. Ngozi ya kichwa na shingo yake haina manyoya mengi, na hilo humsaidia kupunguza joto la mwili wakati wa jua kali. Hupenda kukimbia kuliko kuruka, ila anapotishwa huruka ghafla hadi mtini. Usiku hulala juu ya miti. Mchana hutembea kwa makundi akiparuaparua ardhi na kutafuta mbegu, magugu, mchwa, panzi, kupe na wadudu wengineo. Kwa ndege huyu mkubwa hali ya Bariadi haina ugumu wowote. Ugumu uko kwa kifaranga.

Ndege aliyefugika nusu

Kufuga mnyama na kumgeuza kuwa wa nyumbani ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kumfuga mnyama wa porini kwa siku chache tu. Lakini kumgeuza awe wa nyumbani ni kazi ya vizazi vingi, ambamo mfugaji huchagua wazazi wapole na wenye kuzaa sana, na kuwaacha wengine. Kuku ametokana na ndege wa porini wa kusini-mashariki ya Asia, naye amepitia uchaguzi huo kwa maelfu ya miaka.

Kanga naye ana historia ndefu karibu na binadamu. Wamisri wa kale walimtumia kama alama mojawapo katika maandishi yao ya picha. Mwandishi Mroma, Marcus Varro, katika kitabu chake cha kilimo cha karibu mwaka 37 kabla ya Kristo, aliwataja kuku wa Kiafrika wenye madoadoa, na wataalamu wanaafiki kwamba hao walikuwa kanga. Baadaye Wareno waliwachukua kutoka pwani ya Guinea kuwapeleka Ulaya. Kanga wengi wafugwao duniani leo wana asili ya Afrika Magharibi. Nchini Ufaransa hufugwa kwa njia za viwanda, na jike mmoja aliyechaguliwa hutaga mayai zaidi ya 150 kwa mwaka.

Kanga wa porini wa Afrika Mashariki hawakupitia uchaguzi huo. Na hata kanga wa kienyeji waliopo mijini na vijijini bado hutaga kwa msimu, huficha viota vyao, hupendelea kulala mitini, na huwa na hofu nyingi. Mfugaji anayewachukulia kama kuku hupata hasara. Anayezijua tabia zao za porini huweza kuzitumia kwa faida yake.

Hesabu ya porini na hesabu ya nyumbani

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kifaranga wa kanga ni dhaifu hivyo, mbona porini kanga hawaishi?

Jibu limo katika hesabu. Porini jike hutaga mayai 6 hadi 12 kwa kawaida, na mara nyingine majike wawili au zaidi hutaga katika kiota kimoja. Ili idadi ya kanga isipungue, inatosha kila jozi ya wazazi kuacha watoto wawili tu watakaokua na kuzaa, katika maisha yao yote. Wengine wote wanaweza kuliwa na mwewe, nguchiro, kenge na nyoka, au kufa kwa baridi, na bado kizazi kikaendelea. Kwa hiyo vifo vingi vya vifaranga ni jambo la kawaida porini.

Mfugaji hawezi kuridhika na hesabu hiyo. Akiangua vifaranga 15 na kubakiwa na 2, amepoteza mayai, chakula, na muda wa kuku wake. Kazi yake hasa ni kuondoa, moja baada ya jingine, yale yanayoua porini. Kati ya hayo, mawili ndiyo makubwa katika majuma sita ya kwanza: unyevu pamoja na baridi, na upungufu wa protini.

Umande na joto la mwili

Kanga huzaa wakati wa mvua kwa kuwa ndipo wadudu na mbegu changa hupatikana kwa wingi. Lakini majira hayohayo huleta nyasi zilizolowa kila asubuhi. Ili kuelewa hatari ya umande, hapana budi kutazama ukubwa wa mwili wa kifaranga.

Tuseme kuna michemraba miwili. Wa kwanza una upande wa sentimita 1: eneo la nje ni sentimita za mraba 6, na ujazo ni sentimita ya ujazo 1. Wa pili una upande wa sentimita 4: eneo la nje ni 96, na ujazo ni 64. Mchemraba mdogo una eneo la 6 kwa kila kipimo kimoja cha ujazo. Mkubwa una eneo la 1.5 tu. Joto la mwili hutengenezwa ndani, katika ujazo, lakini hupotea kupitia eneo la nje. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 25 hivi, na mzazi wake ana gramu 1,300 hivi. Tofauti ya maumbo yao inakaribia ile ya michemraba hiyo miwili. Kwa kila gramu ya mwili, kifaranga ana njia za kupotezea joto karibu mara nne kuliko mzazi wake.

Ulinzi wake ni manyoya mororo, ambayo hushika hewa kavu kati ya ngozi na nje. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Manyoya yakilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo na ulinzi huisha.

Hatari kubwa zaidi ni kukauka kwenyewe. Gramu 1 ya maji huhitaji joto la joule 2,400 hivi ili igeuke mvuke. Sasa tuchukue mwili wa gramu 25. Ili joto lake lipande au lishuke kwa nyuzi 1 ya Sentigredi, zahitajika joule 3.5 hivi kwa kila gramu, yaani joule 87.5 kwa mwili mzima. Kifaranga aliyepita majanini akashika gramu 1 tu ya umande atahitaji joule 2,400 ili akauke. Tuseme jua na hewa vitampa sehemu nne kwa tano za joto hilo, na mwili wake utatoa sehemu moja tu, yaani joule 480. Gawanya 480 kwa 87.5: jibu ni karibu nyuzi 5.5. Kama mwili hautaweza kufidia upesi, joto lake litashuka kwa kiasi hicho. Kifaranga aliyepoa hivyo hulegea, hushindwa kumfuata mama yake, hali chakula, na akikosa chakula hushindwa kutengeneza joto jingine. Ndiyo sababu anaonekana mzima alfajiri na kufa kabla ya adhuhuri.

Hesabu hii ni ya makadirio, kwani kifaranga aliye hai hutengeneza joto muda wote. Hata hivyo yaonyesha kwamba maji kidogo sana, ambayo kuku mkubwa hayahisi, yanatosha kumwua kifaranga wa kanga. Hapa pana sheria ya kwanza ya ufugaji huu: kifaranga wa kanga asiguse umande kwa majuma sita ya kwanza, mpaka atakapoota manyoya kamili.

Kuku awe mama mlezi

Kanga jike akiachiwa vifaranga wake huondoka nao mapema asubuhi na kuwatembeza mbali katika nyasi mbichi. Porini dume humsaidia jike kuwalinda na kuwafunika watoto. Nyumbani msaada huo mara nyingi haupo. Kwa hiyo wafugaji wenye uzoefu huyatoa mayai kwa kuku wa kienyeji ayaatamie.

Kuku huyo hana budi achaguliwe vizuri. Awe mkubwa, mtulivu, na aliyewahi kulea. Kabla ya kuwekewa mayai aondolewe viroboto na utitiri, kwa kuwa wadudu hao humfanya akimbie kiota na baadaye huwashambulia vifaranga. Kuku wa wastani aweza kufunika mayai 12 hadi 15 ya kanga. Mayai yawe safi, yasiyo na ufa, na yasiwe yamekaa zaidi ya siku 7 hadi 10. Yahifadhiwe mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikielekea chini. Yasioshwe, maana maji huondoa utando wa nje unaozuia vijidudu visipenye katika vitundu vya ganda.

Mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21. Ya kanga huhitaji siku 26 hadi 28. Tofauti hiyo imewapotosha wengi. Mtu huweka mayai ya aina zote mbili siku moja, vifaranga wa kuku hutoka kwanza, mama huondoka nao, na mayai ya kanga hupoa yakiwa na vifaranga hai ndani. Ni afadhali kumpa kuku mayai ya kanga peke yake, na kuwa na subira.

Baada ya kuanguliwa, jambo jingine la ajabu hutokea. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, alieleza mwaka 1935 jinsi ndege wachanga wa aina fulani wanavyomshika kama mzazi wao kiumbe cha kwanza wanachokiona kikitembea mbele yao. Mwaka 1973 alishiriki katika Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa tabia za wanyama. Vifaranga wa kanga nao ni wa kundi la ndege wanaotoka kwenye yai wakiwa na macho wazi na miguu yenye nguvu, na humfuata kuku aliyewaangua kana kwamba ndiye mama yao. Humwiga anapodonoa, hukimbilia chini ya mbawa zake anapolia, na hujifunza kurudi bandani jioni. Mfugaji aliyempata kuku mwema amepata kipasha joto chenye nyuzi 41 hivi, mlinzi, na mwalimu kwa pamoja.

Hapo ndipo tenga la kienyeji linapopata kazi. Kuku na vifaranga wafunikwe kwa tenga mahali pakavu, juu ya pumba za mpunga au majani makavu, mpaka jua lipande na umande ukauke, yapata saa nne asubuhi. Waachwe watembee karibu na nyumba, na warudishwe mara mawingu ya mvua yanapoonekana.

Kama hakuna kuku, joto la kutengeneza litahitajika: nyuzi 35 za Sentigredi juma la kwanza, kisha lipunguzwe kwa nyuzi 3 kila juma. Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya na kulia, wanaona baridi. Wakitawanyika na kuhema, wamezidiwa na joto. Wakilala wametawanyika kwa utulivu, hali ni nzuri. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba kisicho na matundu ya hewa, kwa kuwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua vifaranga na watu pia.

Mambo mawili madogo huokoa wengi. La kwanza, chombo cha maji kiwe cha kina kifupi na kitiwe vijiwe, kwani vifaranga hawa huzama hata katika kisahani. La pili, sakafu isiwe ya utelezi. Kifaranga anayeteleza siku za kwanza hutanuka miguu na kulemaa. Gunia lililotandikwa linafaa kuliko gazeti au bati.

Chakula cha majuma sita

Sababu kubwa ya pili ya vifo ni njaa iliyojificha. Kifaranga hulishwa pumba au mtama uliosagwa, tumbo hujaa, lakini mwili haujengeki. Porini, chakula chake cha mwanzo ni wadudu hasa, nao wana protini nyingi. Wataalamu wa lishe hupendekeza chakula chenye protini ya asilimia 24 hadi 26 katika majuma manne ya kwanza. Mtama una asilimia 10 hivi tu.

Kanda ya Ziwa ina dawa ya jambo hili: dagaa wa Ziwa Viktoria. Dagaa waliokaushwa vizuri huwa na protini inayozidi nusu ya uzito wao. Tuseme ni asilimia 55. Mfugaji anataka mchanganyiko wa asilimia 25 kutokana na mtama wa 10 na dagaa wa 55. Toa 25 katika 55, upate 30: hizo ni sehemu za mtama. Toa 10 katika 25, upate 15: hizo ni sehemu za dagaa. Uwiano ni 30 kwa 15, yaani sehemu mbili za mtama kwa sehemu moja ya dagaa. Hakiki: 10 na 10 na 55 ni 75, gawanya kwa 3, upate 25. Dagaa wachekechwe kwanza ili mchanga utoke, wasagwe, na wasiwe wa chumvi.

Gharama ya dagaa yaweza kupunguzwa kwa mchwa. Wafugaji wa Afrika Magharibi hujaza chungu kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua yaliyoloweshwa kidogo, kisha hukifunika kifudifudi juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi mchwa hukutwa wamejaa ndani, nao humwagwa mbele ya vifaranga. Samadi na mabua havikosekani katika boma la Bariadi.

Mashudu ya pamba nayo hupatikana kwa wingi, maana Simiyu ni mkoa wa pamba. Lakini tahadhari yahitajika. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo hudhoofisha ndege wachanga na kuharibu rangi ya kiini cha yai. Kwa vifaranga na kwa majike wanaotaga ni salama zaidi kutumia mashudu ya alizeti. Majani mabichi yaliyokatwakatwa, kama mchicha, yaongezwe kila siku kwa ajili ya vitamini.

Baada ya majuma manne protini inaweza kupunguzwa polepole. Akifikisha majuma sita na manyoya yakiwa yamekamilika, kifaranga amevuka kizuizi kikubwa, na tangu hapo hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake.

Kuwazoesha banda na kuyapata mayai

Kanga wasiozoeshwa banda mapema hulala mitini na hatimaye huhama. Banda liwe na paa lisilovuja, ukuta unaopitisha hewa, na fito za kulalia zilizoinuliwa, kwa kuwa kanga hutafuta mahali pa juu. Jioni, kwa saa ileile kila siku, wapewe nafaka kidogo bandani. Ndani ya muda mfupi watarudi wenyewe kabla jua halijatua. Wanaoruka mno wakatwe manyoya marefu ya bawa moja tu. Kitendo hicho hakiumizi, nayo manyoya hayo huota tena.

Kuwatambua dume na jike si kazi rahisi, kwa kuwa wote hufanana. Vipande vya nyama vinavyoning'inia kwenye mashavu ni vikubwa zaidi kwa dume. Alama ya hakika zaidi ni sauti. Jike hutoa mlio wa sehemu mbili, wa pili ukipanda. Dume hautoi mlio huo, bali hurudia mlio mmoja mfupi. Tofauti hiyo huanza kusikika wakiwa na majuma manane hivi. Porini kanga huishi jozi jozi, lakini nyumbani dume mmoja hutosha kwa majike wanne au watano.

Kanga hukomaa akiwa na miezi saba au minane. Kifaranga aliyeanguliwa Januari atakuwa tayari mwezi Septemba, na mvua zikianza Novemba ataanza kutaga. Kwa kuwa huficha kiota, ni vema kuwafungia ndani asubuhi mpaka mchana upite, ili wengi wawe wamekwisha kutaga bandani. Kiota cha nje kikigunduliwa, mayai yachukuliwe wakati jike hayupo, na machache yaachwe. Akikikuta kiota kitupu hukihama na kutafuta maficho mapya.

Maradhi, dawa za shambani na kupe

Mara nyingi husemwa kwamba kanga haugui. Ni kweli kwamba akiwa mkubwa ni mgumu kuliko kuku, lakini aweza kupatwa na mdondo, minyoo na kuhara damu. Katika mdondo aweza kuonyesha dalili hafifu huku akiwaambukiza kuku wa jirani. Kwa hiyo kanga wachanjwe pamoja na kuku. Chanjo iitwayo I-2, ambayo asili yake ni utafiti uliofanywa Australia na ambayo hutengenezwa pia nchini Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja katika jicho kila baada ya miezi mitatu hadi minne.

Hatari nyingine iko mashambani. Mdudu aliyepuliziwa dawa ya pamba hutembea kwa shida, na ndiye anayedonolewa kwanza na ndege. Kanga wazuiwe wasiingie katika shamba lililopuliziwa mpaka muda ulioandikwa katika kopo la dawa upite.

Kuhusu kupe, sifa ya kanga ni ya kweli lakini ina mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 huko New York, Marekani, ulionyesha kwamba kupe wakubwa walipungua katika nyasi walimopita kanga. Kupe wachanga, walio wadogo mno, ni vigumu kuonekana na ndege. Basi mfugaji wa ng'ombe asiache kuogesha mifugo yake kwa kutegemea kanga, maana ndigana kali haisubiri.

Mbegu ya kuanzia

Kijiji cha Lingeka kiko katika eneo linalopakana na nchi ya wanyamapori: Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti ziko mashariki ya Bariadi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, hairuhusu kukamata wanyama wa porini bila kibali, na ulinzi wake unawahusu ndege na mayai yao. Mtu anayetaka kufuga anunue mayai au vifaranga kwa mfugaji aliyepo, na amwone kwanza afisa wa wanyamapori na afisa mifugo wa wilaya ili aelezwe taratibu.

Sheria hiyo ina sababu ya kisayansi. Ilielezwa hapo juu kwamba porini kila jozi huacha watoto wachache sana. Kiota kinachobebwa chote huondoa hata wale wachache. Na mayai hayo yakiishia katika vifo vya umande, pori limepoteza na nyumba haikupata.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha nguvu ya umande bila kumtesa ndege yeyote. Chukueni chupa mbili ndogo zinazolingana, mzijaze maji ya nyuzi 40 za Sentigredi, na mzifunike zote kwa pamba ya unene ule ule. Pamba ya chupa moja ilowesheni kwa maji ya joto lile lile. Ziwekeni kivulini penye upepo, mpime joto la maji kila baada ya dakika tano kwa nusu saa, na mchore grafu mbili katika karatasi moja. Kisha rudieni kwa chupa kubwa. Wanafunzi wajibu maswali matatu: Ni chupa ipi iliyopoa upesi zaidi? Ukubwa wa chupa ulileta tofauti gani? Na je, chupa iliyo ndogo na iliyolowa inafanana na nani?

Mwanafunzi atakayeiona mistari hiyo miwili ikiachana katika grafu atakuwa na jibu la kumpa mzee asemaye kwamba kanga hafugiki. Kanga hufugika, ikiwa atakayemlea atamweka kifaranga wake pakavu, atampa protini, na atamwacha kuku amlee kwa majuma sita.